Saa Tatu Asubuhi, Chaneli ya Saba

Januari 1984 nilikuwa Chicago, upande wa kusini wa jiji, nikimtunza bibi mmoja ambaye watoto wake walishinda kazini. Mume wangu alikuwa masomoni. Mimi, niliyekulia kwenye joto la Tanga, nilikuwa najifunza kuvaa soksi mbilimbili na kutembea juu ya barafu bila kuanguka. Kazi yenyewe niliipenda: kumwogesha, kumpa uji na dawa zake, kumkanda magoti, na ilipotimu saa tatu asubuhi kumwashia televisheni.

Saa hiyo ilikuwa ya Phil Donahue. Vijana wa leo hawajui jinsi mtu yule alivyokuwa mkubwa. Alianza Dayton, Ohio, mwaka 1967, na ndiye aliyewazoeza Wamarekani kumwona mtangazaji akishuka jukwaani na maikrofoni mkononi, akipita kati ya watazamaji, akimpa mama wa nyumbani nafasi ya kumuuliza mgeni swali lake mwenyewe. Tangu 1974 kipindi chake kilikuwa kinatoka hapohapo Chicago. Bibi alimheshimu sana, na mimi Kiingereza changu kilinyooka kwa kumsikiliza.

Kisha siku moja tukasogea chaneli ya 7. WLS walikuwa na kipindi cha nusu saa kilichoitwa AM Chicago, ambacho kilikuwa hakina watu, nao walikuwa wamemleta msichana mpya kutoka Baltimore, hajatimiza hata miaka 30. Mweusi, mnene, nywele nyingi, anacheka kwa sauti ya sebuleni. Bibi alimsikiliza kidogo, akainua kidole. "Huyu ametoka kwetu," akasema.

Alikuwa amesikia lafudhi. Bibi alizaliwa Mississippi, akapanda treni kwenda kaskazini akiwa bado kijana, kama walivyofanya watu weusi wengi mno wa kizazi chake waliokimbia mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi. Nami baadaye nilisoma gazetini kwamba Oprah Winfrey alizaliwa Kosciusko, Mississippi, mwaka 1954, akalelewa na bibi yake shambani miaka yake ya mwanzo. Kuanzia asubuhi ile hatukurudi kwa Donahue. Wala hatukuwa peke yetu, maana katika miezi michache tu kipindi cha yule msichana kilikuwa kimempita Donahue kwa idadi ya watazamaji mjini. Mwanzoni mwa 1985 Donahue alihamia New York.

Nataka nieleze alikotoka Oprah, kwa sababu mambo yote yako hapo. Baltimore hawakumwajiri kwa ajili ya vipindi vya asubuhi. Walimchukua mwaka 1976, akiwa na miaka 22, asome taarifa ya habari ya jioni, kazi yenye heshima kuliko zote kituoni. Haikumkaa. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alishindwa kusimama mbele ya mtu aliyeunguliwa na nyumba akamuuliza maswali kama karani; machozi yalikuwa yanamtoka. Haukupita mwaka wakamwondoa kwenye kiti hicho. Mwaka 1978 wakamtupia kipindi cha asubuhi cha mazungumzo, People Are Talking, akiwa na mwenzake Richard Sher. Kwa wakubwa wa televisheni wakati ule, asubuhi ilikuwa mahali pa kumhifadhi mtu aliyeshindwa jioni.

Hapo ndipo nisipokubaliana nao mpaka leo. Asubuhi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya bibi yule mwenye magoti mabovu. Ilikuwa ya wauguzi waliotoka zamu ya usiku, wakila huku viatu wamevua. Ilikuwa ya jirani yetu, baba mzima aliyefanya kazi ya chuma maisha yake yote. Viwanda vya upande wa kusini vilikuwa vinafungwa, naye alikuwa anakuja kukaa nasi kwa sababu hakutaka mkewe amkute amekaa tu. Ilikuwa ya wanawake wenye watoto wachanga na yangu mimi mgeni. Watu hawa wote walikuwa wakihesabiwa kuwa hawana la maana la kusema. Akaja mtangazaji anayezungumza nao kama watu wazima wenye akili na majeraha. Kile walichomfukuzia Baltimore, kulia na mwenye kulia, ndicho tulichokuwa tunamngojea kwacho.

Nilikwenda kumtazama mara moja, kwenye jengo la kituo mtaa wa State. Tiketi hazikuuzwa, unapiga simu, ukibahatika unapata. Kinyume na nilivyotarajia, ukumbi ulikuwa mdogo. Nilichokiona ambacho kioo hakionyeshi ni mwili wake: mgeni anapozungumza, anamwelekea mzima mzima, mabega na magoti, na mkono unakwenda wenyewe kushika mkono wa mwenzake. Donahue alikuwa bingwa wa swali. Huyu alikuwa bingwa wa kungoja jibu.

Septemba 1985 kipindi kikapewa jina lake na kuongezwa kuwa saa nzima. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya The Color Purple. Quincy Jones, mmoja wa watayarishaji wake, akiwa safarini Chicago, alimwona Oprah kwenye televisheni akaamua ndiye anayefaa kumwigiza mhusika Sofia. Tarehe 8 Septemba 1986 kipindi kikaanza kuonekana Marekani nzima. Kampuni ya King World ilikuwa inakiuza kwa kituo kimoja kimoja, mji kwa mji, na sehemu kubwa ya fedha ikawa ya Oprah, tofauti na mtangazaji wa mshahara. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago Sun-Times, aliwahi kusimulia kwamba ndiye aliyemshauri kukiuza kipindi namna hiyo, wakiwa mezani. Baadaye Oprah akakimiliki kipindi chenyewe, akajenga studio za Harpo upande wa magharibi wa jiji.

Lakini kwetu sisi, kwenye sebule ile, fedha hazikuwa habari. Habari ilikuwa siku aliposema.

Kipindi kilihusu watu waliodhulumiwa kingono na ndugu zao wakiwa watoto. Wageni walikuwa wanasimulia, naye akasema mbele ya kamera kwamba hata yeye yalimpata, tangu akiwa na miaka 9, mikononi mwa jamaa na watu wa karibu. Mimi nilikulia mahali ambapo jambo kama hilo likitokea, wazee hufunga mlango, hupatana, na mtoto huambiwa asiaibishe ukoo. Sikuwa nimewahi kulisikia likitamkwa mchana kweupe na mtu mwenye jina na uso. Nikamtazama bibi nipate kujua kama nizime. Akanikatalia kwa kichwa. Kipindi kilipokwisha hakusema neno, na hakula mchana ule. Sikumuuliza, umri wangu haukuniruhusu.

Kipindi chake cha kitaifa kilidumu misimu 25, hadi Mei 2011, na si chote ninachokitetea. Mwaka 2004 aliwagawia watazamaji wote ukumbini magari mapya, 276, na watu wengi wanamkumbuka kwa kelele zile. Mimi niliona ni biashara ya kampuni ya magari. Kilichoniuma zaidi ni mwaka 2007, alipompa nafasi mgeni aliyedai chanjo ndiyo chanzo cha usonji wa mwanawe. Kwa mtu ambaye kina mama walimwamini kiasi kile, lile lilikuwa kosa zito. Kwa upande mwingine, klabu yake ya vitabu aliyoianzisha 1996 ilitia mikononi mwa watu riwaya za Toni Morrison ambazo wengi wao wasingezigusa.

Na kabla ya hayo yote, Novemba 1991, alikwenda Washington, akakaa mbele ya kamati ya Seneti akaeleza yaliyompata utotoni, akitaka kuwe na kumbukumbu za taifa za watu waliohukumiwa kwa kuwadhulumu watoto, ili wasiajiriwe tena penye watoto. Sheria ilisainiwa na Rais Clinton Desemba 1993. Gazeti liliiita sheria ya Oprah. Macho ya bibi yalikuwa yameshafifia, nikamsomea habari ile kitandani. Akaniambia nirudie tangu mwanzo. Nilipomaliza aliniomba daftari la simu, tutafute namba ya mdogo wake wa kike aliyebaki Mississippi, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye kwa miaka mingi. Nilimpigia namba, nikampa mkonga wa simu, nikaenda jikoni kuosha vyombo. Walizungumza mpaka mwanawe aliporudi kutoka kazini jioni.