Umenitoa Mato

Mwaka 2014 nilipewa kazi ambayo niliiona nyepesi. Walimu 14 wa Kiswahili kutoka shule za upili za Mombasa, Kwale na Kilifi walikuwa wameafikiana wawe na mahali pamoja mtandaoni: kila mmoja awe na blogu yake ya kuwekea tungo na mazoezi ya lugha, na wote wawe na ukumbi mmoja wa kujadiliana. Mimi nilikuwa mdogo wao kwa umri. Kwa kuwa nilikuwa na blogu yangu tangu siku za chuo, waliniteua niwaonyeshe njia. Nikatenga Jumamosi tatu, na moyoni nikasema ya tatu itakuwa ya kunywa chai tu.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Watahiniwa wetu hukutana na ushairi katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne, na wengi hulikimbia swali hilo kama moto. Kila mwalimu alikuwa na hazina yake ya mashairi ya kufundishia, lakini hazina hiyo ilifungiwa kabatini. Aliye Kinango hakujua aliye Malindi ana nini. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa zimetia nanga Mombasa tangu 2009, na simu zilikuwa mikononi mwa watu. Kilichokosekana, nilidhani, ni mtu wa kuonyesha kitufe cha kubofya.

Jumamosi ya kwanza yote ilikwisha katika maneno. Nilisema “nywila”, mmoja akasema yeye hufundisha “nenosiri”, na wa tatu akataka kujua kwa nini tusiseme “neno la siri” kama watu. Tukahamia kwenye chombo chenyewe: ni tarakilishi, ni ngamizi, au ni kompyuta? Nilikuwa nikitazama saa, nikiona muda unapotea. Leo ningetoa Jumamosi mbili kwa mjadala ule. Mtu hawezi kukaa katika nyumba ambayo vyumba vyake havina majina kinywani mwake, na wale walikuwa walimu wa lugha. Kwao jina ndilo mlango. Tulipofika kwenye ule ukumbi wa pamoja, aliyetupa jina alikuwa mkubwa wetu, Maalim mmoja kutoka Mji wa Kale aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alisema: “Hiyo ni baraza. Watu waketi, wazungumze, apitaye atoe salamu.” Hapakuwa na hoja tena. Ikawa Baraza.

Maalim huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Alikuwa mshairi wa zamani. Katika ujana wake alipeleka tungo magazetini na redioni, na akakoma zile kurasa zilipopungua. Alichapa kwa kidole kimoja, akikitafuta kila herufi kama mtu atafutaye sindano mkekani. Alipomaliza ubeti wake wa kwanza, akanyoosha mgongo na kuutazama, akakuta kila neno limepigwa mstari mwekundu chini yake. Mashine ilikuwa imewekwa katika Kiingereza, na kwayo Kiswahili chote kilikuwa kosa. Akanigeukia akasema, “Mwanangu, miaka 30 na zaidi nimeshika kalamu nyekundu mimi. Leo nimesahihishwa mimi, na sikupata hata neno moja.” Darasa likacheka. Nikamwonyesha namna ya kuizima ile mistari, naye akawaonyesha wenzake wawili. Huo ndio ulikuwa ushindi wetu wa kwanza, nami sikuutambua kuwa ushindi, kwa kuwa haukuwa katika mpango wangu.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi kwa washairi. Shairi la mizani 16 lina nyumba ya vyumba viwili, na Maalim alizoea kuacha uwazi mpana kati ya kipande na kipande, ili ukwapi ukae upande wake na utao upande wake. Aliubonya ufunguo wa nafasi mara nyingi, akapanga vina vya kati vikashuka wima kama nguzo. Akachapisha. Ukurasa ulipofunguka, vipande vilikuwa vimesogeleana na nguzo zote zimepinda, kwa sababu kurasa za mtandaoni huzihesabu nafasi nyingi zinazofuatana kuwa nafasi moja. Kwenye simu ilikuwa mbaya zaidi: mshororo ulivunjika popote ulipoishiwa na upana wa kioo. Tulijaribu mengi. Mwishowe tukakubaliana kutia mkato baada ya kipande cha kwanza na kukiteremsha kipande cha pili kwenye mstari wake. Maalim hakuipenda njia hiyo. “Umeigeuza nyumba yangu kuwa ghorofa,” alisema. Lakini aliikubali.

Ubeti wake wa kwanza, kama alivyouandika, ni huu. Nimeuweka kwa idhini yake:

Nimezeeka shuleni,
chaki imejaa mato,
Leo naketi fomuni,
nafunzwa kama mtoto,
Kipanya ki mkononi,
chateleza kama mto,
Niambieni wendani,
ni kweli au ni ndoto?

Msomaji wa ukurasa huu hahitaji nimwambie kuwa vina vya mwisho ni “to”, wala kwamba “mato” ni “macho” kwa Kimvita. Mimi pia sikuhitaji kuambiwa. Lakini usiku ule, nikiwa nyumbani, nilipitia blogu zote 14 nikizisafisha. Nywila zao zote nilikuwa nazo, kwa kuwa ni mimi niliyewaandikia. Nilirekebisha alama, nikapanga picha, nikasahihisha tahajia. Nikafika kwa Maalim, nikaona “mato”. Nikawaza wanafunzi watakaosoma, nikawaza mtihani, nikawaza Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyokuwa mezani pangu. Nikafuta, nikaandika “macho”. Nilihesabu mizani kwa vidole: nane, sawa. Kina sikukitazama. Nikalala nikijiona nimefanya hisani.

Jumamosi ya pili Maalim hakuja. Nilidhani ana udhuru. Ya tatu hakuja pia, na blogu yake ilikuwa kimya. Nikavuka mitaa ya Mji wa Kale nikamkuta barazani pake, na baada ya salamu na kikombe cha kahawa chungu nikamuuliza kama ana shida ya mtandao. Akanitazama kwa muda, kisha akasema bila ukali wowote:

“Mwanangu, umenitoa mato.”

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, sikujua niangalie wapi.

Akaendelea kwa upole ule ule. Alisema kuwa hakuudhika kwa neno moja. Neno hufutwa, neno hurudishwa. Kilichomuuma ni kwamba wapwa zake walikuwa wameusoma ubeti ule wakamuuliza imekuwaje Maalim, mwenye kufunza watu vina, akosee kina katika mshororo wa kwanza. Naye hakuwa na jibu, kwa maana jina lililokuwa juu ya ubeti ni lake. “Gazetini mhariri alikuwa akilikata shairi langu,” alisema, “lakini nilijua yuko mhariri. Huku hakuna aliyeonekana ila mimi.”

Nikamwomba radhi. Akanisamehe pale pale, kama watu wa pwani wajuavyo kusamehe, kwa kuniongezea kahawa. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijihukumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya kidato cha nne nikiwasifia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, nikiwaambia wauonje utamu wa Kimvita chake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kwamba mwaka 1928 mkutano ulifanyika papa hapa Mombasa, ukaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kimvita hakikushindwa kwa upungufu wa sanaa. Kumbe kilipoingia Kimvita kilicho hai, cha jirani yangu, mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Katika kitabu nilikiita urithi. Katika blogu ya mwalimu mwenzangu nilikiita kosa.

Nilijifunza jingine, nalo lahusu mikono. Nilipokumbuka zile Jumamosi, niliona kuwa kila mwalimu aliposita, mimi nilikichukua kipanya nikafanya mwenyewe. Ilikuwa haraka, na wao walinishukuru. Lakini waliobaki na blogu ni mimi, si wao. Wiki iliyofuata niliwaita wote tukakutana tena. Nikawaomba kila mmoja abadili nywila yake nikiwa nimewapa mgongo. Tangu siku ile nikaweka mikono nyuma, kama mtu aliyefungwa, na mtu akikwama namwambia kwa maneno, polepole, hata ikichukua robo saa. Wengine waliniona mkatili. Lakini ndani ya mwezi mmoja simu za kuniuliza zikapungua, na wakaanza kuulizana wao kwa wao.

Baraza nayo ilikuwa na maradhi yake. Kila mtu aliyeweka kitu alijibiwa kwa adabu: “Kazi nzuri, mwalimu”, “Hongera sana”, “Shukrani”. Hapakuwa na mazungumzo. Nilishawishi, nikaweka maswali, nikasihi watu watoe maoni ya kina, wapi! Walimu wetu ni watu wa staha, na kumkosoa mwenzako mbele za watu si jambo dogo. Aliyeifungua baraza ni mwalimu mmoja wa kike kutoka Kwale, mwaka wake wa pili kazini. Maalim aliporudi na kuurejesha ubeti wake na mato yake, mwalimu huyo hakumwandikia hongera. Alimjibu hivi:

Mwalimu u mlangoni,
ndani hamna majuto,
Kujifunza uzeeni,
si haya bali mvuto,
Kipanya hakina kani,
kishike bila fukuto,
Twajibu sisi wendani,
ni kweli wala si ndoto.

Siku tatu baadaye Maalim akajibu kwa beti tano. Akaingia wa Malindi kumtetea kipanya, akaingia wa Likoni kumshtaki. Mmoja alikosa mizani, akaambiwa amekosa, lakini akaambiwa kwa ubeti, na kwa ubeti mtu huweza kuambiwa lolote bila kuvunjiwa heshima. Wanafunzi wakaanza kusoma. Darasani kwangu kijana aliyekuwa akililia insha alinijia na beti mbili za kumjibu Maalim, vina vyake vimesimama.

Hapo niliona upofu wangu wa tatu. Nilikuwa nikiwafundisha walimu wale “kutoa maoni” kana kwamba ni ustaarabu mpya uliokuja na waya. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana magazetini tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923. Wakiulizana, wakifumbiana, wakitiana adabu kwa vina, mtu wa Tanga na mtu wa Mombasa ambao hawajaonana kwa sura. Jamii ya kuandikiana kutoka mbali tulikuwa nayo kabla ya umeme kufika vijijini kwetu. Chombo kipya kilihitaji kukumbushwa desturi ya zamani, basi. Siku tuliyoacha kusema “maoni” tukasema “malumbano”, baraza ilijaa.

Iliendelea miaka mitatu na kitu. Kisha huduma ya bure tuliyokuwa tukiitumia ikatuarifu kuwa itafungwa. Si ajabu katika ulimwengu ule: GeoCities ilizimwa 2009, Wikispaces waliyoipenda walimu wengi duniani ikaanza kufungwa 2018, Google+ ikafuata 2019. Kilicho ajabu ni kwamba mimi, mjuzi wao, sikuwa nimewafundisha kuhifadhi nakala. Taarifa ilikuja kwa barua pepe ambayo wengi hawakuwa wakiifungua tena. Nilipozinduka, ukurasa ulikuwa mweupe, na malumbano yote yameondoka nao.

Nilimpigia Maalim, aliyekuwa amekwisha kustaafu, nikampa habari kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nipite nyumbani.

Alikuwa na daftari la jalada gumu. Tangu Jumamosi ile nilipomtoa mato, alikuwa akinakili kila ubeti wa Baraza kwa mkono, wake na wa wengine, kwa wino wa buluu, tarehe pembeni. Vipande viwili viwili kwenye mstari mmoja, na uwazi mpana katikati. Nguzo zake zilikuwa zimesimama wima. “Sikukuamini, mwanangu,” alisema, akicheka. “Nilikusamehe, lakini sikukuamini.”

Tumeanza kuzirudisha zile beti mtandaoni, polepole, na safari hii zinahifadhiwa mahali patatu, daftari likiwa mojawapo. Anayechapa ni yeye, kwa kidole chake kimoja. Mimi huketi kando, mikono nyuma. Akifika kwenye neno nisilolijua, naliandika katika daftari langu mwenyewe.

Nawe msomaji, kama una mwalimu wako aliyeandika magazetini zamani na leo yuko kimya, mwendee. Mpe chombo, kisha uondoe mkono wako. Na akikujibu kwa ubeti, usimwandikie hongera. Mjibu.