Kalamu Alipewa Peke Yake

Tuanze na hesabu ndogo ya darasa la tatu. Chukua 84, toa 67. Unapata 17.

Hizo 17 ndizo kura zilizompa Isaya Mwita Charles, diwani wa Vijibweni kule Kigamboni, umeya wa Jiji la Dar es Salaam tarehe 22 Machi 2016. Alisimamishwa na CHADEMA kwa niaba ya UKAWA, akapata 84. Omary Yenga wa CCM akapata 67. Uchaguzi wenyewe ulishaahirishwa zaidi ya mara moja kwa vurugu na mabishano, hadi watu wakachoka kuuliza meya yuko wapi.

Sasa kumbuka kwamba meya wetu hachaguliwi na mimi na wewe. Wenzetu wa Kanada hupanga foleni wakampigia meya wao kura wenyewe. Hapa kwetu sisi tunachagua diwani, halafu madiwani wakikaa ukumbini ndio wanaomchagua meya. Siku ile walipiga kura madiwani na wabunge wa Dar es Salaam. Kwa hiyo rudia hesabu: wangegeuka watu tisa tu, ingekuwa 75 kwa 76. Watu tisa, bwana! Wanaenea ndani ya Hiace moja na konda bado anaita abiria.

Mimi nimezaliwa Nyansurura, Serengeti, mkoa wa Mara. Nimemaliza kidato cha nne, sasa hivi nipo Dar kwa mama mdogo, namsaidia kukaanga mihogo jioni, na usiku naandika riwaya katika daftari la kaunta. Riwaya yenyewe ni ya uchaguzi. Wenzangu wa kijiweni huwa wananicheka. Eti uchaguzi ni habari ya gazeti, riwaya iwe ya mapenzi au ya ujambazi. Nawajibu kwamba sijaona mapenzi wala ujambazi uliowakosesha watu usingizi kama uchaguzi wa kura chache.

Tofauti ikiwa kubwa, aliyeshindwa ana pa kujificha. Mwaka 2008 jirani zetu wa Tarime walifanya uchaguzi mdogo wa ubunge baada ya kifo cha Chacha Wangwe. Wazee wanasema kampeni zilikuwa moto, helikopta juu, polisi chini. Charles Mwera wa CHADEMA alishinda kwa zaidi ya kura 5,000. Hasira zilikuwepo, lakini utamkamata nani kati ya watu 5,000? Unasema "wananchi wameamua", unakunja bendera.

Tofauti ikiwa ndogo, wananchi wanageuka kuwa watu wenye majina. Mwezi Januari 1961 kule Pemba, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Jimbo likaenda ASP, ambayo jumla yake ikawa viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo na watu 68 wakafa katika machafuko ya Unguja. Sisemi kwamba mtu mmoja wa Chake Chake ndiye aliyesababisha yote hayo. Nasema kwamba kila aliyepiga kura pale angeweza kujiuliza maisha yake yote: je, ile moja ilikuwa ya kwangu?

Sasa nije kwetu. Tarehe 14 Desemba 2014 nchi nzima ilichagua serikali za mitaa. Kitongojini kwetu walisimama wawili. Mmoja alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Wa pili alikuwa jirani yetu mwenye maksai na plau, ambaye nusu ya kitongoji hulimiwa naye. Vyama vyao sivitaji, havina kazi hapa.

Msomaji wa mjini utauliza, uenyekiti wa kitongoji una nini cha kugombania? Wee! Mtu akitaka kupeleka ng'ombe mnadani, lazima kwanza athibitishe kijijini kwamba ng'ombe ni wake. Kwetu ambako wizi wa ng'ombe umewatia watu wengi makaburini, anayekutambulisha ndiye anayekuokoa. Mwanao akikamatwa, barua ya utambulisho inaanzia kwa mwenyekiti. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wa kwanza kuitwa ni mwenyekiti. Ndio maana watu walikesha.

Baba mkubwa alishindwa kwa kura tatu.

Kesho yake asubuhi ukoo ulikaa chini ya mti na daftari. Waliandika majina yote ya watu wetu waliojiandikisha, mmoja mmoja, wakaongeza marafiki na wakwe walioahidi. Hesabu ikaonyesha kwamba tulitakiwa kushinda kwa moja. Kwa hiyo wawili wamegeuka. Wakaanza kutafuta. Wa kwanza hakuwatesa sana: alikuwa kijana mmoja aliyeonekana na viatu vipya. Wa pili, macho yote yalimwendea bibi yangu, mama yake mzazi baba mkubwa.

Sababu walikuwa nayo. Wakati wa masika ya mwaka ule bibi alizidiwa usiku, na ni yule jirani aliyefunga maksai kwenye mkokoteni akampeleka zahanati kwenye matope. Baba mkubwa alikuwa safarini. Yaani deni lilijulikana na kila mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nachochea moto wa chai, nilisikia kila neno. Baba mkubwa aliuliza kwa adabu, hakupayuka. "Mama, sisi hatutakufanya kitu. Tunataka kujua tu."

Bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ile ya Mwalimu. Alikuwa na herufi kubwa kama za mtoto na alizipenda. Akamwambia, "Mwanangu, mle ndani waliniingiza peke yangu. Kalamu nilipewa peke yangu. Ungekuwa unatakiwa kujua, wangekuingiza na wewe."

Hakuongeza neno. Baba mkubwa akanyamaza, na ukimya ule ukaenda hadi msimu wa kulima.

Mvua zilipokolea, jirani akaja asubuhi na maksai wake kumlimia bibi bure. Alikuwa mtu mwema, nadhani alisikia yaliyompata. Kumbe wema nao una siku zake. Bibi alitoka nje na kanga yake, akamshukuru, akamwomba arudi mwaka ujao. Jirani akashangaa. Bibi akamwambia, "Ukinilimia leo, kura yangu itaonekana shambani."

Kama angekuwa amemchagua jirani, maksai wangekuwa ushahidi. Kama angekuwa amemchagua mwanawe, maksai wangekuwa uongo. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, sisi wajukuu tukimsaidia baada ya shule, na alivuna kidogo. Alifariki mwaka 2017 bila kumwambia mtu. Kaburi lake walilichimba majirani, na miongoni mwao yule mwenye maksai. Sepetu alikabidhiwa na baba mkubwa mwenyewe.

Niwaambie kwa nini naandika haya kwenye gazeti la vijana wanaotaka kuandika. Meya Isaya Mwita aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani mwanzoni mwa 2020, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na sehemu nyingi mgombea alipita bila kupingwa. Hapo hapakuwa na foleni, hapakuwa na kalamu, hata ugomvi wa chini ya mti haukuwepo. Kuna watakaosema afadhali, tumepumzika. Mimi namkumbuka bibi na jembe lake. Alilipa mavuno ya msimu mzima kwa ajili ya kitu ambacho mtu asiye na mpinzani wa kumchagua hawezi kuwa nacho: siri.

Wenzangu wa kijiweni wamesoma daftari langu hadi sura ya nane. Wote wanataka jambo moja, niseme yule bibi wa kwenye riwaya alimpigia nani. Mmoja kanionya kwamba msomaji akinunua kitabu amenunua na jibu. Nimelifikiria sana, maana mwandishi ana uwezo ambao baba mkubwa hakuwa nao. Naweza kuingia kwenye chumba kile, nikasimama nyuma ya bibi, nikaona vema imeangukia wapi.

Sura ya tisa nimeimaliza juzi. Nimemwandika akiingia, nimemwandika akitoka, ameshikilia ncha ya kanga. Katikati nimeacha mstari mmoja mtupu. Atakayechapa akiniambia niujaze, nitamwambia atafute mwandishi mwingine. Nanyi mnaoandika, niambieni: mngeingia?