Gia ya Tano na Gia ya Kwanza

Parokia nyingi za upande wetu wa Ziwa Tanganyika zina gari moja ambalo kila mtu hulitambua kwa mlio wake kabla hajaliona. Kwetu Katanika ni Land Cruiser ya mizigo, aina ya HJ47, mojawapo ya zile zilizoundwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Injini yake ni ya mazutu, silinda sita, ujazo wa sentimita 3,980. Limebeba mihogo, saruji, mabati, wagonjwa na majeneza. Mwaka 2017, maelfu ya ndugu zetu waliokimbia mapigano ya mkoa walipojenga vibanda vyao hapa Katanika, lilibeba mapipa ya maji tangu alfajiri hadi usiku. Halijapata kuwa gari zuri.

Giaboksi yake ya gia nne ilipochakaa, gia ya tatu ikawa inachomoka yenyewe kila gari linapoteremka mlima. Vijana wapenzi, aliyewahi kuketi juu ya magunia wakati gia inapochomoka mteremkoni hahitaji kuelezwa zaidi. Ukaitishwa mkutano, nami nikawekwa kuwa mwandishi wake.

Wazee kadhaa walitaka gari liuzwe, tununue jingine dogo na jipya zaidi. Hoja yao haikuwa nyepesi, kwa maana fedha zilizokuwapo zilikuwa mavuno ya shamba la mihogo ambalo vijana walikuwa wamelilima mwaka mzima, na fedha kama hizo hazipatikani mara mbili. Lakini gari dogo lingefika mjini tu. Wanaotuhitaji zaidi wako mbele ya pale lami inapokoma, na zaidi sana mbele ya pale tope linapoanza. Wengine walitaka giaboksi ileile ya zamani ifanyiwe matengenezo. Vijana nao walikuwa wamesikia habari ya giaboksi ya gia tano iliyofika kutoka Kigoma kwa boti, okasioni iliyotolewa katika Land Cruiser ya miaka ya 1990, na tangu siku hiyo hawakuzungumza jambo jingine.

Hamu yao si ya Katanika peke yake. Huko Marekani wako watu wanaotunza magari yenye nguvu ya miaka ya 1960, kama vile Pontiac GTO na Ford Mustang, ambayo mengi yalitoka kiwandani yakiwa na gia tatu au nne tu. Hung'oa giaboksi ya zamani na kuweka ya kisasa yenye gia tano au sita, ili gari liende mwendo wa barabara kuu bila injini kupiga kelele. Kampuni ya Tremec hutengeneza giaboksi kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wao hufanya hivyo kwa kupenda, nasi tulikuwa na mama wajawazito wa kuwasafirisha.

Gia hiyo ya juu inafanya nini hasa? Katika gia ya nne ya gari letu, injini ikizunguka mara moja, mhimili unaotoka kwenye giaboksi nao huzunguka mara moja. Katika gia ya tano ya giaboksi ile mpya, ambayo mafundi huijua kwa jina la H55F, injini huzunguka mara 0.845 tu na mhimili hukamilisha mzunguko mzima. Kwa hiyo mahali ambapo injini ingezunguka mara 2,200 kwa dakika, sasa itazunguka kama mara 1,860, na gari litakuwa katika mwendo uleule. Kelele hupungua na mazutu hupungua. Vijana waliposikia hesabu hiyo walipiga makofi.

Hapo akasimama baba mmoja wa makamo, mtu makini anayesoma sana. Akatukumbusha mfano wa kiraka kipya kilichoshonewa vazi kuukuu. “Ninyi mnataka kulirarua gari,” alisema. Ukumbi ukanyamaza, maana ni nani awezaye kubishana na Injili?

Aliyejibu ni mekanisia wetu, mzee asiyependa mikutano. “Papa,” alisema kwa upole, “waulize akina mama wanaoshona. Kiraka hurarua vazi kwa sababu hakijapata kulowa maji. Kikilowa hujikunja, nalo vazi limekwisha kujikunja zamani. Hiki tunachokitaka kimelowa siku nyingi. Ni cha ukoo mmoja na gari.” Kisha akaeleza. Giaboksi hiyo ilibuniwa na watengenezaji walewale kwa ajili ya magari ya jamii ileile. Hufungwa kwenye nyumba ya klachi ya zamani, na kasha la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma huikubali. Tungechukua ya gari la aina nyingine, hata kama ni bora zaidi, hapo onyo la Papa lingekuwa kweli tupu.

Naliweka jibu hilo moyoni. Tumezoea kuulizana kama jambo ni jipya au ni la kale, na mara nyingi mabishano yetu na wazazi huishia hapo. Mzee yule aliuliza swali jingine: je, vinalingana? Na swali hilo hujibiwa kwa kupima.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko maneno. Giaboksi mpya ni ndefu kuliko ya zamani, hivyo kila kilicho nyuma yake kinasogea. Kardani ya nyuma ilipaswa kufupishwa, ya mbele kurefushwa, na zote mbili kusawazishwa upya, kwa sababu kardani isiyo sawa hutetemesha gari mpaka misalaba yake ivunjike. Tundu la mkono wa gia kwenye sakafu lilikatwa upya. Kipima mwendo hakikuguswa, maana hupokea mzunguko wake kutoka kasha la kugawa nguvu, na hakijali uko gia gani. Usiku mwingi mimi nilishika taa. Nilijifunza kwamba neno “inaingia” na neno “inakaa” si neno moja.

Gari lilipotoka, vijana walitaka gia ya tano papo hapo. Mzee alikataa. Katika gia ya nne, alisema, nguvu hupita moja kwa moja na meno hayabebi mzigo. Katika gia ya tano nguvu hushuka kwenye mhimili wa chini kupitia jozi moja ya meno, kisha hupanda tena kupitia jozi nyingine. Gia hiyo haiongezi nguvu hata chembe, bali huipunguza. Ukiiweka gari likiwa limejaa au likipanda, injini hulemewa, hutoa moshi mweusi na kuchemka. Ni gia ya njia tambarare na gari jepesi. Nyie mnajua barabara zetu: tambarare ya namna hiyo tunaipata dakika chache, kisha mashimo yanaanza tena.

Basi, je, fedha za mihogo zilipotea? Mvua za kwanza ndizo zilizojibu. Katika hesabu zetu zote za mkutano, ambazo bado ninazo daftarini, hakuna aliyeuliza habari ya gia ya kwanza. Giaboksi ya zamani ilihitaji injini izunguke mara 3.555 ili mhimili uzunguke mara moja. Hii mpya mara 4.843. Nguvu inayofika magurudumuni katika gia ya kwanza imeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwenye kilima chekundu ambapo zamani tulishuka wote kusukuma, na mgonjwa akabaki ndani peke yake akiomba, gari sasa hupanda polepole kama mzee anayekwenda misa ya asubuhi, bila kuunguza klachi, na hakuna anayeshuka.

Vijana bado husifu gia ya tano, nami siwalaumu. Ndiyo iliyowafanya wakubali kutoa fedha zao. Dereva, kwa upande wake, ameweka sharti lake. Anayetaka kufundishwa kuliendesha hupelekwa kwanza chini ya kilima hicho kwa miguu, na kuulizwa atapanda kwa gia gani akiwa na magunia kumi, na atateremka kwa gia gani. Hadi leo wawili tu wamepewa ufunguo, na mmoja wao ni msichana wa kwaya.