Lignini ya Paina Nilivyoijua

Nilipokuwa nasoma misitu Morogoro, tulifundishwa kwamba selulosi ni nyuzi na lignini ni gundi inayozishika. Tukaandika, tukafaulu mtihani. Nikabaki na picha ya gundi iliyojaa mipakani mwa seli, na nyuzi safi katikati.

Hadubini nayo ilikubaliana na picha hiyo. Kata kipande cha paina ya Sao Hill, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kidondoshee floroglusinoli na asidi ya haidrokloriki, dawa ya kuonyesha lignini: muda si mrefu kinageuka rangi ya damu ya mzee. Pale konani, seli tatu nne zinapokutana, wekundu unakoza kuliko popote. Niliweza kuitazama rangi ile ikipanda hadi shingo ikaniuma.

Kilichonigeuza ni vipimo vya Goring na wenzake wa Kanada, vilivyochapishwa 1969. Walipima mbao za sprusi, mti wa jamii moja na paina, kwa mwanga wa urujuanimno. Konani mwa seli lignini ilikaribia asilimia 85. Katika ukuta mnene, asilimia 22 hivi tu. Lakini ukuta ndio wenye nafasi kubwa, kwa hiyo zaidi ya asilimia 70 ya lignini yote imo humo humo ukutani. Kumbe nyuzi zenyewe zimeloa!

Kisha nikawasoma Wajapani, Terashima na Fukushima, na hapo ndipo niliposhikwa hasa. Lignini yenyewe si ya aina moja. Vijenzi visivyo na kundi la methoksi hutangulia kutua, konani na mipakani. Vile vyenye kundi moja, ambavyo ndivyo vingi mno katika paina, hufuata na kuujaza ukuta.

Tangu hapo sipiti kwenye miteremko ya Mufindi nikaacha kuangalia upande wa chini wa paina iliyoinama. Huko mti hujijengea mbao nzito, ya wekundu wa kahawia, yenye lignini nyingi zaidi, na vile vijenzi visivyo na methoksi vimeongezeka. Mbao hiyo ikikauka hufupika kwa urefu, ubao ukapinda. Mafundi wengi huulaumu ukaushaji. Mimi huwaomba kwanza wautazame ubao kichwani: kama pete za upande mmoja ni nene na zimekoza rangi, ulianza kupinda tangu msituni.