Tulivyoshuka Kutoka Juu ya Paa

Mwaka 2012, nilipojiunga na kikundi cha wapenda picha jijini Nairobi, kila mtu alitaka kupanda juu. Picha za Mutua Matheka, aliyesomea usanifu majengo, zilikuwa zimetuonyesha jiji letu wakati wa magharibi, taa zimewaka na minara imejipanga, tukashangaa kwamba ni hapa hapa tunapokanyagana kila jioni tukigombea matatu. Nasi tukazitafuta paa. Tulikutana Jumapili alfajiri, maana huku karibu na ikweta jua halina subira: linachomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima, na ule mwanga wake laini hauchukui muda kuisha.

Mgeni nilipokewa vizuri. Hakuna aliyeniuliza bei ya kamera yangu. Baada ya matembezi tuliingia hoteli ndogo ya River Road, tukaagiza chai na mandazi, kamera zikapita mkono kwa mkono. Dada mmoja aliitazama picha yangu ya Moi Avenue, akafunika nusu ya kioo kwa kidole gumba, akaniuliza kama kuna chochote kilichopotea. Hakikupotea kitu. Tangu siku hiyo, kabla sijabonyeza, huwa nakipitisha kile kidole gumba chake akilini.

Paa tuliyoipenda kuliko zote ni ya KICC, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa mwaka 1973. Unalipa chini, unapanda, na jiji lote liko miguuni pako. Lakini mwalimu wangu mkubwa nilimkuta chini, uwanjani, karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi. Alikuwa mmoja wa wale wapiga picha wanaopiga wageni waliotoka mashambani, watu wanaotaka jengo zima lionekane nyuma yao. Alipiga goti moja mpaka akakaribia kugusa sakafu, mnara ukaingia wote juu ya kichwa cha mteja. Kisha, saa sita mchana, jua kali, akawasha flashi.

Nilimuuliza kwa nini. "Kijana wangu, jua la saa hii linachimba mashimo machoni. Na kamera ikiona anga jeupe inadhani kuna mwanga wa kutosha, inamfanya mtu kuwa kivuli. Huyu amelipa ili aonekane." Aliyajua hayo tangu enzi za filamu, wakati mteja alilipa leo na kurudi baadaye, picha zikishasafishwa. Sisi wenye lenzi za bei tulikuwa tukiwarudisha watu nyumbani bila sura.

Septemba 2013 jengo la maduka la Westgate lilishambuliwa, pale Westlands, na ukawa msiba wa jiji zima. Baadaye walinzi hawakutaka hata kuona kamera ikiinuliwa mbele ya jengo, na milango ya paa tulizozizoea ikafungwa. Ndipo tukapanda matatu ya 46 kwenda Kawangware.

Huko tulipiga mafundi viatu, bodaboda, watoto wa shule. Mama mmoja muuza mboga alitutazama akikata sukuma, kisu hakisimami, akasema, "Mmenipiga mara nyingi. Mimi sijaona hata moja." Tulichapisha ile tuliyoipenda sote: vidole vyake, kisu, majani yakianguka kama nyuzi. Akaipokea kwa heshima, akaiweka chini ya kigunia. Kisha akamwachia jirani meza, akaenda nyumbani, akarudi na gauni la kanisani na mkoba mkononi. "Sasa nipige."

Alisimama wima, hakutabasamu. Nilipiga goti, nikawasha flashi. Kwa macho ya kikundi, ile ya kisu ni picha bora zaidi. Mimi nasimama na mama: alijua anavyotaka kukumbukwa, na haki hiyo ni yake, si yetu.

Sheria nayo imefika hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na Septemba 2023 mamlaka husika iliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Baa moja ya Ngong Road ilitozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Wenzetu wengine walilalamika kwamba upigaji picha wa mitaani umekufa. Haujafa. Unachukua muda zaidi, kwa sababu sasa lazima uongee na mtu, na wengi wakiombwa vizuri hukubali.

Siku hizi wageni wanakuja kikundini na simu zinazopiga usiku kuliko kamera yangu ya kwanza ilivyopiga mchana. Hatuwapeleki juu. Tunawapeleka kwanza uwanjani KICC, wasimame mbele ya mmoja wa wapiga picha wa pale, waelekezwe mikono waiweke wapi, walipe, na wangoje picha yao itoke kwenye printa.