Tusing'oe Kabla ya Wakati



Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, na hata hivyo usiku tunajifunika blanketi mbili. Sababu ni urefu wa milima yetu. Kila tunapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kadiri ya nyuzi 6. Ndiyo maana huku juu viazi, kabeji na karoti hustawi bila taabu kubwa, lakini pilipili tamu, ile nene isiyowasha ambayo wengine huiita pilipili hoho, mara nyingi hupandishwa sokoni kutoka nchi ya joto, nayo huuzwa ghali.

Mwaka mmoja, nyumbani kwetu, tuliamua kuipanda wenyewe nyuma ya nyumba. Tulimwaga mbegu ardhini kama tunavyofanya kwa kabeji, tukangoja. Majuma matatu yakapita bila jani hata moja. Hatukujua kwamba mmea huu, ambao asili yake ni Amerika, hutaka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 ili mbegu ichipuke vizuri, na kwamba katika udongo wa baridi mbegu hulala tu, au huoza.

Mara ya pili tulipanda katika mikebe mitupu ya maziwa, tukaitoboa chini ili maji yatoke. Mchana tuliiweka juani, usiku tuliisogeza karibu na mafiga. Baada ya siku kumi miche ikachomoza. Ilipofikia miezi miwili na kimo cha shibiri moja, tuliihamishia bustanini, miche ishirini, kila mmoja mbali na mwenzake kadiri ya dhiraa. Majani yakawa mazuri. Maua meupe yakatokea, nasi tukafurahi. Kisha maua yakaanza kudondoka, moja baada ya jingine, pasipo kuacha tunda.

Tulikasirika. Tuling'oa miche kumi na saba, tukapanda kabeji mahali pake. Mitatu ilibaki kwa sababu ilisimama kandokando ya ukuta wa jikoni, na mama wa nyumba alituambia tuiache, maana haikumzuia mtu kupita. Baada ya majuma kadhaa, mitatu hiyo ilizaa.

Mbegu ilikuwa moja, mbolea ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ukuta. Matofali yake hupokea jua mchana, na ndani yake moto wa jiko huwaka jioni. Usiku ukuta hurudisha joto lile polepole. Ua la pilipili tamu hudondoka usiku unaposhuka chini ya nyuzi 15 hivi, na usiku wetu hushuka chini ya hapo mara nyingi. Miche tuliyoing'oa haikuwa mibaya. Ilikuwa imeshikwa na baridi.

Vijana wapendwa, tusingewaandikia habari za bustani kama mwaka ule ule tusingefanya jambo jingine linalofanana na hilo.

Katika mafundisho ya Kipaimara tulikuwa na kijana wa miaka kumi na mitano. Jamaa yake walikuwa wamekimbia vita, wakapokelewa katika nyumba ya ndugu, watu wengi katika vyumba viwili. Alikuja kila Jumamosi, akaketi nyuma. Tulipomwuliza, hakujibu. Tulipowaambia wanafunzi wakariri, alitazama chini. Sisi tuliojifunza ualimu, tuliofundishwa kwamba mwalimu mwema humjua mwanafunzi wake kabla ya kumpima, tulimpima tu. Mwezi mmoja kabla ya ziara ya Askofu tulifuta jina lake katika orodha. Tulimwambia arudi mwaka ujao. Alisema, « Ndiyo, mwalimu », akaondoka. Hilo ndilo jibu refu tulilowahi kulisikia kwake.

Siku tulipochuma pilipili za kwanza pale ukutani, tulimkumbuka. Tuliweka nne katika kikapu, tukaenda kumtafuta. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa heshima. Alitueleza kwamba jamaa wale walikwisha kuhama, na hakujua walikofika. Alituambia pia kwamba kijana yule alikuwa akiwafundisha wadogo zake sala kila jioni, kwa lugha ya kwao, na kwamba Kiswahili chetu cha kitabu kilimshinda. Kwa miezi tisa hatukuwahi kumwuliza ni lugha gani anayoisali. Kikapu tulikiacha pale.

Mara nyingi tumewasomea ninyi mfano wa mtini usiozaa. Tulizoea kusifu subira ya mwenye shamba aliyeombwa kungoja mwaka mmoja zaidi. Siku hizi tunamtazama zaidi yule mtunza shamba. Yeye hakuomba muda mtupu. Aliahidi kuchimba kuuzunguka mti na kuutia mbolea. Sisi tulimpa kijana yule mwaka mmoja zaidi, lakini hatukumwahidi jembe.

Bustani yetu sasa tunaitunza hivi. Matuta tunayainua ili maji ya mvua yasituame na jua lipashe udongo upesi. Tunapanga mawe meusi kuzunguka mashina. Tunamwagilia asubuhi, wala si jioni, ili ardhi isilale na baridi. Samadi mbichi hatutii, maana ikizidi huleta majani mengi na maua machache. Tunachuma kwa kisu, kwa kuwa tawi huvunjika upesi likivutwa. Na tunda la kijani, hata likiwa kubwa, halijakomaa. Likiachwa majuma mawili au matatu zaidi hugeuka jekundu na kuwa tamu.

Katika mafundisho nako tumejiwekea kanuni moja: hakuna jina linalofutwa kabla ya makatekista wawili kufika nyumbani kwa mwanafunzi na kuketi naye. Kanuni hii imetuchosha miguu mara nyingi. Kijana yule haikumfikia.

Katika vikundi vyenu, kabla ya sala ya kufunga, tunawaomba mjiulize pamoja: ni nani aliyekuwa akija kati yetu na sasa haji tena? Tunaijua nyumba yake? Tunaijua lugha anayoisali? Kisha chagueni wawili kati yenu, mpange siku, mwende.

Tumsifu Yezu Kristu.