Utabiri wa Marafiki na Hesabu ya Kura

Msimu wa uchaguzi unapowadia nchini Kenya, kila mtu hugeuka mtabiri, na sisi wahadhiri hatusaziki. Wiki chache kabla ya tarehe 9 Agosti 2022, marafiki zangu watatu, wasomi wa kutajika, walinipa matokeo ya urais kana kwamba Tume ya Uchaguzi ilikuwa imekwisha kuyatangaza.

Wa kwanza alitegemea kura za maoni. Nyingi kati ya zile za siku za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, naye akaona hapana la kujadili. Wa pili alilichukua daftari la wapigakura, akaligawa kwa maeneo, yaani kwa makabila, kisha akajumlisha. Kwake, Rais Uhuru Kenyatta alipomuunga mkono Raila alikuwa amemkabidhi kura za Mlima Kenya. Wa tatu alihesabu umati. Mahasla wa William Ruto walifurika viwanjani, naye akatabiri ushindi wa kishindo.

Tarehe 15 Agosti ilitangazwa kwamba Ruto amepata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Mlima Kenya haukumfuata rais wake, na kishindo hakikuwapo. Isitoshe, kati ya watu zaidi ya milioni 22 walioandikishwa, zaidi ya milioni 7 hawakupiga kura. Hao hawakuwamo katika hesabu ya rafiki yangu yeyote.

Ndugu msomaji, kinachonishughulisha si nani alipatia na nani alikosea. Ni kile ambacho utabiri uliwafanyia. Wale wawili walinena neno moja jioni ileile: "Tumeibiwa." Zilikuwapo hoja za kuhojiwa: makamishna wanne kati ya saba walikuwa wamejitenga na matokeo. Lakini marafiki zangu hawakuzitaja, wala hawakufungua hata fomu moja ya 34A, ilhali fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi mtandaoni. Ushahidi wao ulikuwa utabiri wao. Nilipomuuliza wa tatu angesema nini iwapo Ruto angeshindwa kwa kura hizohizo 233,211, alijibu bila kusita kwamba asingekubali.

Mahakama ya Juu iliidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba. Wa pili na wa tatu, ambao ofisi zao zinatazamana, hawakusalimiana muhula mzima.

Hilo ni dogo ukikumbuka Desemba 2007. Tume ya Kriegler ilibainisha baadaye kwamba hesabu ya urais ilivurugika kiasi cha kutoweza kujulikana nani alishinda. Pasipo hesabu ya kuaminika, kila upande ulibakiwa na yakini yake tu, na watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha.

Wahenga wetu wa kisiasa hupenda kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, ila mshindani hudai pia kuonyeshwa hesabu, na akionyeshwa huisoma. Kwa hiyo siku hizi rafiki akinitabiria mshindi wa 2027, simbishii. Namuuliza ni ushahidi gani utakaomfanya akubali kwamba mgombea wake ameshindwa. Wengi hubadilisha mada.